Mwenyekiti wa chama hupimwa msimu wa kusi

Viongozi wenzangu wa vyama vya akiba na mikopo vya wavuvi, Likoni hadi Mji wa Kale, Mombasa: Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua bahari, ngalawa nyingi hazitoki, marejesho ya mikopo yanakwama. Chama huvunjika hapo, na mara nyingi kisa si deni, ni mwenyekiti kuzima simu. Ukinyamaza, kila mtu atadai akiba yake siku moja.

Itisha kikao wiki ileile. Washika funguo watatu wafungue sanduku la akiba, pesa zihesabiwe kwa sauti, katibu aandike palepale. Faini simamisha, lakini deni lisifutwe. Ligawe upya, hata shilingi 50 kwa wiki. Na usimlipie mtu kwa mfuko wako, tafadhali. Wa pili akija utamwambia nini?