Nani anashika koo?

Mama yule aliletwa usiku kutoka upande wa Pangani, kanga zote mbili zimelowa damu. Kondo la nyuma lilikuwa limeanza kuachia kabla ya wakati. Presha 80 kwa 50, mapigo 130, na mtoto tumboni bado yu hai. Barabara ya Pangani hadi Tanga mjini wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu, na ndugu waliomsindikiza waliteremka garini wamepauka, wanauliza damu inatolewa chumba gani.

Nilikuwa bado mchanga katika kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, chini ya muuguzi wa miaka mingi tuliyemwita Bi Mkubwa. Sindano ya mgongo, ambayo ndiyo tunayowachoma akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, aliikataa palepale. Ganzi ile hutanua mishipa ya damu na kushusha presha, na huyu presha yake ilikwisha kushuka. Alazwe usingizi kamili, kwa ketamini.

Nimefanya kazi na wengi baada ya hapo, wengine wana elimu kubwa kuliko yake, lakini sijaona anayegawa kazi kama yeye. Tulimwinua mgonjwa nyonga ya kulia kwa shuka lililokunjwa ili uzito wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Daktari alikuwa ameshavaa, tumbo limeshapakwa dawa na kufunikwa, maana dawa ya usingizi humfikia na mtoto, hivyo kisu kinasubiri dawa, si dawa kusubiri kisu. Bi Mkubwa akasimama kichwani kwa mgonjwa.

"Dawa nashika mimi. Nani anashika koo?"

"Mimi," akajibu mwanafunzi wa uuguzi.

"Unabonyeza hapa, mwanangu. Unaachia nikikwambia mimi. Si daktari, si mwingine yeyote. Nani nitakayekwambia?"

"Wewe, Bi Mkubwa."

"Mtungi wa oksijeni?"

"Mtungi mimi. Umejaa, spana ipo."

"Mashine ya kunyonya matapishi?"

"Mimi. Ya umeme iko chini ya mto, ya mguu iko hapa."

Akanigeukia. "Mrija wa kupumulia unaingiza wewe. Ukishindwa, sema nimeshindwa, kwa sauti, turudi kwenye barakoa."

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile ya mwaka 2008, inataka watu watajane majina na kazi zao kabla ngozi haijakatwa. Ni jambo zuri, nalitetea popote. Lakini Bi Mkubwa aliona kwamba kwetu sisi wa usingizi hapo tumeshachelewa, kwa sababu hatari yetu hutangulia kisu. Dawa ya kulegeza misuli ikishaingia, mgonjwa haachi kujongea tu, anaacha na kupumua. Mjamzito oksijeni humwishia upesi kuliko mtu mwingine, na chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ndiyo maana gegedu la chini ya koromeo hubonyezwa, ili kuziba njia ya chakula, na mtu ambaye hana kazi nyingine yoyote.

Dawa ikaingia. Tukasubiri misuli ilegee. Nikafungua mdomo, nikapitisha laringoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia koo, nikausogeza ulimi kushoto. Umeme ukakatika.

Laringoskopu ina betri yake, kwa hiyo mwanga uliobaki chumba kizima ulikuwa ndani ya koo la yule mama. Mashine ya oksijeni ikapiga kelele na kuzima. Hakuna aliyeuliza nani afanye nini.

"Mtungi umefunguka!"

"Ya mguu naikanyaga, tayari."

"Koo bado nimeshika," alisema binti yule, na sauti ilimtetemeka, lakini kidole hakikutetemeka. Nilikiona kwa namna nyuzi za sauti zilivyotulia mbele yangu.

"Naziona nyuzi," nikasema. "Mrija umeingia."

Bi Mkubwa akasikiliza kifua gizani, kulia, kushoto, kisha tumbo. Mlio wa oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, ulikuwa umeshuka, ukaanza kupanda. "Pande zote mbili sawa. Binti, achia koo. Dokta, anza."

Daktari alikata kwa tochi za simu zilizoshikwa na watu wawili. Jenereta iliwaka mtoto akiwa ameshatoka na analia. Damu ya ndugu zake ndiyo iliyomrudisha mama kwenye rangi yake. Shemeji yake alitoa, na mpwa wake pia.

Kabla hatujavua kofia, Bi Mkubwa alitusimamisha tena, akamtaka kila mmoja aeleze alichofanya umeme ulipokatika. Alipomaliza na sisi akauliza jenereta ni kazi ya nani. Tukasema ya mlinzi. Akatoka kwenda kumtafuta getini. Tangu wiki ile, kabla ya kila upasuaji wa usiku, mlinzi alipigiwa simu, na hakuna dawa iliyochomwa mpaka ajibu: "Nipo kwenye jenereta."