Ndoano Namba Sita

Mwaka 2011, nikisoma Makerere, mjomba alinipigia simu kutoka Kabale akaniagiza vifaa vya kuvulia karpi. Mjomba ni mwanajeshi mstaafu. Kiswahili cha kambini hakijamtoka mpaka leo, na hata ombi lake huja kama amri: "Usitoe hata shilingi kabla hujaujua mdomo wa samaki mwenyewe."

Bwawa lake liko bondeni, kwenye baridi kali. Ngege hudumaa katika maji ya namna ile, ndiyo maana alipandikiza karpi, ambao huvumilia baridi. Wakazaana kupita kiasi. Wakubwa walifukua matope usiku kucha wakitafuta chakula, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Kokoro halikufaa, kwani chini kulikuwa na visiki vinavyolichana. Alitaka kuwatoa wale wakubwa mmoja mmoja, kwa mshipi.

Nilianzia kwenye duka la nyavu mjini Kampala. Karibu kila kitu humo kilikuwa cha Ziwa Victoria: majarife, maboya, kamba nene na ndoano kubwa za mbuta. Mama mwenye duka alinishikisha ndoano ndefu kuliko kidole changu cha kati.

"Wavuvi wa Ggaba wanachukua hii, mwanangu."

"Mama, samaki wangu hana meno mdomoni."

Akaniangalia vizuri, nikamweleza. Mbuta hupanua kinywa akameza samaki mzima, kwa hiyo ndoano kubwa haimsumbui. Karpi ana midomo laini inayochomoza mbele, na ndevu nne fupi za kupapasia. Hufyonza punje, huionja, na akihisi kitu kigumu huitema papo hapo. Meno yake yako kooni, ya kusagia konokono na nafaka. Ndoano yake lazima iwe ndogo, nene kiasi na kali sana.

Mama akainama chini ya meza, akatoa kisanduku chenye vumbi. Namba za ndoano hizi huwachanganya wengi, maana namba ikipanda ndoano inapungua. Nilichagua namba sita. Kila moja niliiburuza taratibu juu ya ukucha wa dole gumba: inayoteleza ni butu, inayokwama ni kali. Zilizoteleza nilizirudisha, na mama hakununa hata kidogo. Alivuta kiti akanipisha mwangani.

Mshipi nilitaka wa unene wa milimita 0.35. Iliyoning'inizwa mlangoni niliikataa, kwa sababu nailoni iliyopigwa na jua muda mrefu hupoteza nguvu hata kama kwa macho inang'aa. Akanitolea bunda lililokuwa ndani ya boksi.

Fimbo niliipata soko la Owino, kwenye rundo la mitumba, katikati ya raketi na magongo. Nilivuta kipande cha pamba kupitia kila pete yake. Pete yenye ufa hunasa nyuzi za pamba, na ufa huohuo ungeukwaruza mshipi mpaka ukatike. Pamba ilipita salama.

Rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, ndiyo iliyonikalisha pale mpaka alasiri. Ina breki, kifundo unachokikaza au kukilegeza, ili samaki akikimbia mshipi utoke badala ya kukatika. Breki mbaya hukwama, kisha huachia kwa kishindo, na ni kishindo hicho kinachokata mshipi. Nilimpa muuzaji ncha ya mshipi, akatembea nayo kati ya marundo ya viatu huku nikisikiliza. Ya kwanza ilikwaruza, ya pili pia. Ya tatu ilitoa mlio mmoja mwororo kutoka mwanzo hadi mwisho, nami sikubishania bei.

Chubwi, vizito vya kuzamisha ndoano, hazikunigharimu chochote: gereji moja karibu na Kisekka walinipa plagi za gari zilizokufa. Boya tulilichonga wenyewe Kabale, kwa moyo wa bua la mtama.

Asubuhi ile bwawani mjomba alitupa kwanza konzi ya mahindi yaliyochemshwa, kisha tukangoja. Fundo la ndoano nililifunga mimi, nikalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano. Boya likalala ubavu, likaenda pembeni, likazama. Rili ikalia. Mjomba, mtu asiyepiga kelele ovyo, alikuwa akipaza sauti, "Mwache aende! Mwache!" Nami nilimwacha aende, mpaka akachoka mbali na visiki.

Alikuwa na magamba machache makubwa mgongoni, na kwenye mizani ya maharage alivuka kilo nne. Mjomba akaufungua mdomo kwa kidole: ndoano ilikuwa imeshika mdomo wa chini, katikati kabisa. Akaichomoa, akaijaribu kwenye ukucha wake, akanirudishia.

"Bado kali. Tia punje nyingine."