Cullenbine, mpigaji wa besiboli wa zamani, raundi ya 19 ya kuchagua, na bado alikuwepo!

Ijumaa tulifanya drafti yetu ya besiboli ya kompyuta, yaani kuchagua wachezaji kwa zamu, mimi na majamaa watatu hapa Bugolobi, Kampala, wote tumeukamata huu mchezo tangu 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walipofika Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Unachukua wachezaji wa zamani kwa takwimu zao za msimu mmoja halafu kompyuta inacheza mechi 162 yenyewe. Wenzangu wakakimbilia wastani wa kupiga, yaani mtu anapiga akafika besi mara ngapi, .320 ni mara 32 kwa kila 100, .330, wakanyang'anyana mpaka raundi ya kumi, mimi nimetulia tu.

Wastani wa kupiga hauhesabu zile mara mtu anaacha mipira mibaya minne ipite anapewa besi ya kwanza bure, na kwenye gemu aliyefika besi amefika, awe amepiga au amepewa. Sasa muone Roy Cullenbine wa Detroit 1947, wastani .224, unasema huyu wa nini? Kumbe alipewa besi mara 137, homurani 24 (mpira unaovuka uzio), kila akisimama kupiga mara kumi anafika besi nne! Na ule ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho ligi kuu, yaani hata enzi zake hawakumuona, inaniuma kweli. Eddie Yost 1956 hivyo hivyo, .231 lakini mara 151 za bure. Ni kama mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino hapa Kampala, shati zuri liko chini ya rundo, ufukue.

Warushaji nao watu wanaangalia kashinda mechi ngapi. Nolan Ryan 1987 pale Houston alishinda 8 akapoteza 16, wakamruka, wakati mwaka huo hakuna mrushaji wa National League, moja ya ligi mbili kuu, aliyeruhusu pointi kidogo kama yeye, 2.76 kwa kila ining'i tisa, yaani mechi nzima, na aliwatoa watu 270 kwa straiki. Wapigaji wake ndio hawakumsaidia. Wangu watamsaidia.

Ila glavu usidharau jamani, msimu uliopita niliweka mpigaji tu pale shotstopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, mipira ikawa inapita kama hakuna mtu. Safari hii nimemuweka Mark Belanger wa Baltimore, Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, mara 8, kupiga hapana lakini hapitwi.

Tumefika mechi ya 31 naongoza kwa mechi nne, Cullenbine anapiga wa kwanza, keshapewa besi mara 29.