Masaa sita ya kusubiri ndege Tanga, tukaenda zetu Amboni

Juzi nilikuwa narudi Dar kutoka Pemba na zile ndege ndogo za injini moja, zile ambazo unapimwa kilo wewe pamoja na begi lako, na ilikuwa inapitia Tanga. Pale uwanjani Tanga nimepita mara nyingi tu, ndege inatua, wanashuka wawili anapanda mmoja, tunaondoka, kwahiyo Tanga mimi nilikuwa naijua ya dirishani. Safari hii tumetua saa nne asubuhi tukaambiwa shukeni wote na mizigo yenu, ndege ina hitilafu, inasubiriwa nyingine na haitafika kabla ya saa kumi jioni.

Uwanja wenyewe ni mdogo, ukishakaa kwenye benchi ukaangalia lami na majani umemaliza. Watu wakaanza kulalamika na kupiga simu, na walikuwa na haki, abiria ukimkwamisha masaa sita walau mpe chupa ya maji, sisi hata hayo hatukupewa. Lakini mjini ni kilomita kama 3 tu kutoka pale. Nikamuomba dada wa kaunta anishikie begi (lina halua ya mama yangu, nilimsisitiza sana lisikae juani), nikachukua namba yake ili ndege ikiwahi anipigie, nikamwambia saa tisa kamili nitakuwa nimerudi. Hilo la namba naomba ulishike kama na wewe utakwama kwenye viwanja vidogo hivi, maana pale hakuna ubao wala tangazo la spika, anayejua ndege iko wapi ni yule yule mtu mmoja.

Natoka nje nikasikia naitwa, "Kijana, waenda wapi?" Ni mzee mmoja wa Kipemba tuliyepanda naye Chake, kanzu na koti, mkononi kijikapu cha ukindu. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kwenda mapango ya Amboni. Akasema mie mapango sina haja nayo, lakini n'chukue, ukishamaliza mapango yako n'peleke Ngamiani, nina nyumba naitafuta. Basi tukapatana na bajaji moja, elfu 25 kutuzungusha na kutusubiri, tukaondoka.

Amboni ni kama kilomita 8 kaskazini ya mji, njia ya kwenda Horohoro, halafu unakata kushoto kuingia Kiomoni. Mzee akabaki chini ya mti na dereva, mimi nikalipa kiingilio nikapewa muongozaji mwenye tochi. Jamani lile pango. Unatoka kwenye jua la Tanga unaingia kwenye ubaridi ghafla, harufu ya popo inakupiga, chini vumbi laini kama unga wa mhogo, mguu unazama bila sauti. Ni mawe ya chokaa, muongozaji anasema zamani za mamilioni ya miaka pale palikuwa chini ya bahari, na yale mawe yanayoning'inia juu yametengenezwa na maji, tone moja moja. Jiwe moja nililiwekea kidole kwenye ncha, kweli lilikuwa na tone limetulia pale, la baridi, halidondoki. Nikakaa naliangalia mpaka muongozaji akaniita. Kuna sehemu unapita umeinama mpaka magoti yanagusa, ukitokea upande wa pili paa liko juu kama la msikiti mkubwa. Akazima tochi makusudi. Lile giza sijawahi kuliona popote, nilifumba macho nikafumbua, sikuona tofauti.

Kuna mahali panaitwa mzimuni, watu wanakuja kuomba mpaka leo, nimekuta chupa za marashi, vitambaa vyekundu na vyeupe, majivu ya ubani, na hapo muongozaji alishusha sauti na mimi nikashusha. Akanionyesha na upande anaosema alikuwa anajificha Osale Otango, yule aliyesumbua sana polisi wa mkoloni miaka ya 1950. Watu wanasema pango linatokea mpaka Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro, kwamba kuna mbwa aliingia Amboni akaibukia Moshi. Waliokwenda kupima wanasema refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Mimi hilo halikunipunguzia kitu, ukiwa mle ndani hiyo kilomita moja ni safari ndefu mno.

Nilitoka saa saba kasoro, viatu vyeupe kwa vumbi. Tukarudi mjini mpaka Ngamiani, zile mitaa zinazoitwa kwa namba, barabara ya ngapi, barabara ya ngapi. Mzee njiani akaanza kuniambia kwamba ujanani alikuwa anakuja Tanga na jahazi kutoka Wete, wakishusha mizigo wanalala kwa mtu Barabara ya 9, upepo ukikataa wanakaa hata wiki mbili. Hajarudi tena tangu hapo. Tukapita mara ya kwanza hakuitambua, mara ya pili akamgusa dereva begani, "Hapa, hapa!" Nyumba ya mabati iliyokula kutu, baraza ndefu ya saruji, nguzo za mti. Alishuka akaenda moja kwa moja kushika nguzo ya pembeni, hakusema kitu.

Mlangoni akatoka bibi mmoja na kanga mbili, tukapiga hodi na salamu kama kawaida, mzee akajieleza. Bibi akamtazama weee, halafu hakumuuliza jina, akamuuliza, "Wewe ulikuwa wa jahazi gani?" Mzee akataja. Bibi akakaa chini pale pale barazani, akaanza kumtajia nahodha, mpishi, na yule kijana aliyekuwa anapiga kinanda usiku watu hawalali. "Ndo mie huyo," mzee akasema.

Tukaletewa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, mimi na dereva tukala kimya maana yale mazungumzo hayakuwa yetu. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki, kila jina mzee akilitaja bibi anajibu "Mungu amrehemu" au anasema yuko Chumbageni kwa mwanawe. Saa nane na nusu nikaanza kuangalia simu. Nikamgusa mzee kwa adabu, babu tutaachwa. Bibi akacheka akasema, "Muache, Tanga hii, waja leo waondoka leo, wengine wanasahau kuondoka." Mzee akafungua kijikapu akamuachia karibu kila kilichokuwemo.

Tulifika uwanjani saa tisa na dakika tano, halua iko salama, ndege ikaja saa kumi na robo. Wenzetu walikuwa pale pale kwenye benchi tulipowaacha. Nilikuwa nimepewa kiti cha dirishani, mzee akaniomba tubadilishane, nikampa. Tulipopaa na kukata kuelekea baharini akaweka kidole kwenye kioo, akawa anahesabu mabati ya Ngamiani kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, alifika saba ndege ikaingia mawinguni.