Alan Rickman na kazi ya kusikiliza

Kuna jambo moja kuhusu Eye in the Sky ambalo ukishalijua huwezi tena kuitazama filamu hiyo kwa macho yale yale. Waigizaji wake wakuu hawakukutana wakati wa kurekodi. Helen Mirren alirekodi sehemu yake, Aaron Paul yake, Barkhad Abdi yake, na Alan Rickman yake. Hata hivyo ndani ya hadithi wanazungumza mwanzo hadi mwisho, huyu yuko kambi ya jeshi Uingereza, yule yuko jangwani Nevada, mwingine yuko hapa Nairobi.

Nimeirudia wiki hii nikimwangalia Rickman peke yake. Anaigiza Luteni Jenerali Frank Benson. Ameketi mezani London pamoja na mawaziri na wanasheria wa serikali, na wote wanabishana kama ndege isiyo na rubani ipige nyumba moja ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi tunaouita Islii, ambamo watu wanajiandaa kujilipua. Nje ya ukuta wa nyumba ile kuna mtoto wa kike, amepanga mikate yake anauza. Maneno ya Benson si mengi ukilinganisha na cheo chake. Muda mwingi anasikiliza. Waziri anapokwepa kuamua na kutaka mkubwa mwingine apigiwe simu, Benson hasemi kitu, lakini unaona subira ikimwisha kwenye taya na kwenye kope. Sauti ya kanali anayeigizwa na Mirren inapotoka kwenye spika, anaipokea kama ya mtu anayemfahamu miaka mingi na anayejua udhaifu wake. Mirren hakuwepo chumbani humo. Mimi ninayetazama naapa yupo.

Niseme hili kwanza, maana mkaazi wa Nairobi hawezi kulipita kimya: Islii ile siyo Islii. Walirekodia Afrika Kusini, na inaonekana. Isitoshe, wameonyesha mtaa unaotawaliwa na wanamgambo wenye bunduki na vizuizi vya barabarani, wakati Islii tunayoijua ni maduka juu ya maduka, vitambaa, simu, na mikokoteni inayogombania njia na matatu. Jambo hilo liliniudhi mara ya kwanza na linaniudhi hadi leo. Watu wengi duniani wameuona mtaa wetu kupitia filamu ile tu. Hata hivyo, katika chumba kile cha London sioni uongo wowote, na anayekibeba ni Rickman.

Alizaliwa mwaka 1946 Acton, magharibi mwa London. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 8, mama akabaki na watoto wanne. Alisomea sanaa ya uchoraji na usanifu wa michoro, akafungua ofisi ya usanifu na marafiki zake, kazi ikawa inakwenda. Akaiacha. Alipoingia RADA, chuo cha uigizaji cha London, alikuwa na miaka 26, umri ambao wenzake wengine walikuwa tayari jukwaani. Ili apate riziki alifanya kazi ya kuwavalisha waigizaji wakubwa, Ralph Richardson na Nigel Hawthorne miongoni mwao. Kazi hiyo ni kushika koti mkononi nyuma ya pazia, kujua kwa mstari gani mwenye koti atatoka jukwaani, na kumvika upesi kabla hajaitwa tena. Usiposikiliza mchezo neno kwa neno, huiwezi. Nadhani pale alijifunza mengi kuliko tunavyodhani, ingawa hilo ni wazo langu mimi.

Kisha miaka ya jukwaani. Umaarufu ulikuja mwaka 1985 alipoigiza Valmont katika mchezo wa jukwaani Les Liaisons Dangereuses na kundi la Royal Shakespeare Company, kwanza katika ukumbi mdogo Stratford, halafu London, halafu Broadway mwaka 1987. Kutoka Broadway akachukuliwa kwenda kuwa Hans Gruber, mhalifu mkuu katika filamu ya Die Hard, iliyotoka mwaka 1988. Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, naye ameshapita miaka 40. Mwanzoni walitaka kumvika kama gaidi wa kawaida. Yeye akapendekeza suti. Suti ile ikazaa tukio ambalo mhalifu anajifanya mateka, kwa sababu mtu aliyevaa hivyo anaweza kuaminika. Jicho la msanifu halikufa.

Ninapofundisha chama cha drama shuleni, hasa tunapojiandaa kwa tamasha, tatizo langu kubwa si sauti wala kukariri. Watoto wetu wanakariri vizuri sana na sauti wanazo. Tatizo ni kwamba mmoja akimaliza kusema, anazima. Anasimama palepale macho yakiwa kwa majaji, midomo inacheza kidogo kwa sababu anarudia kimoyomoyo mstari wake unaofuata. Muhula huu msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa mimi nifanye nini wakati si zamu yangu?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima. Nilimjibu kwa kumwonyesha Rickman.

Nilimwonyesha Sense and Sensibility ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Ang Lee, pale Kanali Brandon anapomwona Marianne kwa mara ya kwanza. Msichana yuko kwenye piano, anaimba. Brandon anafika mlangoni na kusimama. Hatamki neno. Ukiutazama uso wake unaona mtu aliyesikia kitu alichokwisha kukata tamaa nacho, na kuanzia hapo hadithi yake yote umeshaijua kabla hajajieleza. Tuliirudia kwenye simu yangu, watoto wamenizunguka, mmoja akasema, "Kumbe anafanya kazi." Ndiyo, anafanya kazi. Rickman mwenyewe aliwahi kusema kuwa anachotaka kuona kwa mwigizaji ni namna anavyosikiliza.

Wengi wanamkumbuka kwa Severus Snape, yule mwalimu katika filamu 8 za Harry Potter kati ya mwaka 2001 na 2011, vazi lile jeusi na sauti ile inayotoka polepole. Sauti hiyo imeigwa sana, nami naona imetufanya tusione kingine. J. K. Rowling alimdokezea mapema siri ya moyo wa Snape, miaka kabla kitabu cha mwisho hakijatoka, naye akaitunza. Maana yake ni kwamba katika kila onyesho alikuwa akisikiliza akiwa na jambo ambalo wengine walioko pale hawalijui. Rudia filamu za mwanzo ukiwa na habari hiyo. Utaona jinsi anavyomtazama yule mvulana, Harry, na utajua kuwa chuki ile tangu mwanzo ilikuwa na kitu kingine chini yake.

Mwenzangu kazini alinikatiza juzi: kama alikuwa hodari hivyo, mbona hakuwahi hata kuteuliwa kuwania Oscar? Ni kweli, hakuwahi. Alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa filamu ya Robin Hood ya mwaka 1991, na Emmy pamoja na Golden Globe kwa kuigiza Rasputin. Lakini sikubali kipimo hicho. Tuzo nyingi huenda kwa anayelia na kupaza sauti, na ustadi wa huyu ulikuwa katika kumpokea mwenzake. Ukimtoa kwenye tukio, wa kwanza kuharibika ni yule aliyekuwa akizungumza naye.

Alifariki tarehe 14 Januari 2016, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 69. Wengi wetu tulimwona Benson yeye akiwa ameshafariki. Shajara zake alizoandika kuanzia mwaka 1993 zilichapishwa mwaka 2022, na kwa mtu kama mimi ninayeandika hizi zangu kila wiki, kujua kwamba naye alikaa chini na kalamu baada ya siku ndefu za kazi kunanifurahisha mno.

Anayetaka kuanza kumtazama, aanze na Sense and Sensibility, kisha Truly, Madly, Deeply, halafu Eye in the Sky. Die Hard iwe ya mwisho. Tazama pia matukio ambayo hasemi, hasa yale ambayo kamera iko kwa mwenzake na yeye anaonekana bega tu.