Daftari la binti katika riwaya ya makuzi

Waandishi wengi wa riwaya za makuzi, zile zinazomfuata kijana anapokua, humpa mhusika daftari, kisha wakamponya usiku uleule. Binti wa miaka 14 amefiwa na mama, amepelekwa Mwanza kwa mama mdogo, anaandika kurasa mbili, analia, asubuhi anaamka mwepesi. Msomaji aliyewahi kufiwa hatakubali, na ana haki.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio ambalo kila anayeandika riwaya ya namna hii angefaa kulijua. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walimaliza wakiwa na huzuni kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nafuu ilijitokeza katika miezi iliyofuata, kwa kuwa walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Kwa hiyo usiku wa kwanza acha daftari limzidishie binti maumivu. Akose usingizi, amjibu mama mdogo vibaya, alikwepe daftari kwa siku kadhaa.

Katika uchambuzi wa baadaye, Pennebaker na wenzake waliona kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao maneno yao ya sababu na ya kutambua jambo yaliongezeka siku hadi siku. Hapa Kiswahili kinatupa zana nzuri mno. Kurasa za mwanzo ziwe sentensi fupi zisizoshikana: "Mama hayupo. Kulikuwa na wali. Sikula." Katikati ya riwaya iingie -ka-, tukio moja livute lingine: "Mamdogo akanyamaza, akatoka, akarudi na kanga ya mama." Baadaye sana ije "kwa sababu", na baada yake "kumbe". "Kumbe mamdogo naye amefiwa na dada." Neno hilo likija ukurasa wa 10 ni mapema; binti hajakusanya cha kulibeba.

Zana ya pili ni "kwao" na "kwetu". Mwanzoni binti aandike "nimefika kwao", na mwenye nyumba awe "yule" tu, hata jina la ukoo asimpe. Siku atakapoandika "kwetu", liwe limejificha ndani ya habari nyingine: "Maji yamekatika kwetu tangu juzi." Usimfanye asimame kulieleza. Ukilieleza, umelivunja.

Kuhusu kiasi: kwa riwaya ya maneno 50,000, dondoo 7 au 8 za daftari zinatosha, kila moja isizidi maneno 250. Zikizidi hapo, kwa kawaida zinarudia alichokwisha kusema msimulizi. Jaribu kuondoa dondoo moja, usome sura nzima. Ikisomeka bila pengo, dondoo hiyo haikuwa na kazi.

Kosa linaloharibu miswada mingi ni sauti ya mtu mzima. Binti wa miaka 14 haandiki "majonzi yalinigubika". Anaandika kwamba sabuni imeisha na hakumwomba mtu. Na mbinu ya mtu kuliiba daftari na kulisoma imechoka. Tena inamnyang'anya binti tendo kubwa kuliko yote, la kuchagua mwenyewe ukurasa mmoja na kumpa mtu ausome. Mara nyingi huo ndio mwanzo wa kuwa wa nyumba ile, kwa hiyo upe nafasi: nani anashika daftari, anasoma kwa sauti au kimya, anasema nini akimaliza. Bora aseme kidogo.

Mwisho, fanya hesabu ya daftari lenyewe. La kurasa 96, kwa kurasa mbili kila usiku, linaisha usiku wa 48. Waandishi husahau, na daftari lao halifiki ukurasa wa mwisho mwaka mzima. Lako liishe. Kisha mama mdogo arudi kutoka dukani na unga, mafuta na daftari jipya, aliweke mezani bila kuulizwa.