Jinsi tulivyowasha msalaba wa shaba kwa mikono ya watu, Lubumbashi

Tulikuwa wanafunzi 6 tulipokubaliwa kuonyesha kazi yetu kwenye tamasha la sanaa la mtaani hapa Lubumbashi. Wazo letu lilikuwa msalaba mkubwa wa shaba, wa umbo lile lililotumika kama fedha huku Katanga zamani na ambalo lilichorwa mara 3 kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963. Tuliuzungushia taa, na tulitaka ziwashwe na watu wenyewe.

Fundi mmoja wa umeme mwenye sifa alisisitiza kwamba tutumie vihisi vya mwendo, vile vinavyofungwa juu ya milango ya maduka. Tulimsikiliza, tukapoteza wiki mbili. Kihisi cha namna hiyo hugundua joto la mwili unaosogea mbele yake, kwa hiyo kinafaa kwenye ua ambako mtu hupita mmoja mmoja usiku. Tulipokijaribu jioni moja Kamalondo, penye watoto wanaokimbia, akina mama wanaouza karanga na pikipiki zisizokwisha, taa ziliwaka na hazikuzimika tena. Bibi mmoja alisimama mbele ya msalaba, akainua mkono, akaushusha, akangoja, kisha akaenda zake, kwa kuwa hakuna kilichobadilika kwa sababu yake. Usiku huo niliving'oa vihisi vyote.

Aliyetuokoa ni mzee anayetengeneza redio karibu na soko la Kenya. Nilimwambia: «Papa, tunataka taa zijue kwamba mtu amegusa.» Akanijibu: «Mwanangu, mwili wa mtu ni waya mbaya, lakini ni waya.» Basi tuliukata msalaba vipande viwili, tukavitenganisha kwa ubao mpana kiasi kwamba mtu mmoja, hata mrefu, asiweze kuvifikia vyote, bali watu washikane mikono kuviunganisha. Kipande kimoja tulikiunga na upande hasi wa betri, kingine na mlango wa kupimia wa Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, ambao ulipata volti 5 kupitia kipingamizi (kifaa kinachobana mkondo wa umeme) cha megaomu 1. Mkondo unaopita mikononi hauwezi kuzidi mikroampea 5, na hakuna anayeuhisi. Hata hivyo tulitumia betri ya gari tu. Kitu ambacho umma unakishika kwa mikono mitupu hakipaswi kuungwa na umeme wa nyumbani, na hapo nisingekubali mjadala.

Mnyororo wa watu ukirefuka, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, huongezeka, nasi tuliandika programu ili taa zipande juu zaidi kwa kila mtu anayeongezwa. Mwanzoni zilitetemeka vibaya, kwa sababu miili yetu hunasa mvumo wa nyaya za umeme zilizo jirani. Umeme huo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Tulichukua vipimo vingi ndani ya muda huo na kutafuta wastani, na mtetemo ukaisha. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko yote tuliyoyafanya.

Mfua shaba wetu, kwa nia njema, aliipaka kazi vanishi ili ing'ae, na vanishi haipitishi umeme. Tulipiga msasa siku nzima. Mkanda wa taa 300 nao ulikuwa mweupe mwanzoni na mwekundu mwishoni, kwa kuwa volti hupungua njiani. Ulishe umeme kutoka ncha zote mbili na upunguze mwangaza. Gharama zote zilikuwa dola mia mbili na kitu, nyingi zikiwa za shaba.

Usiku wa tamasha, watu 10 wasiojuana walikuwa wameshikana mikono na taa zilikuwa zimekaribia kilele, pale fundi mwashi mmoja alipojiunga nao katikati na giza likaingia. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vigumu kwa saruji, ukinzani ukapita kiasi, na programu ikaona kana kwamba mnyororo umekatika. Kabla sijafika, mama muuza karanga alikwisha fungua chupa yake ya maji, akammwagia viganjani na kumwambia: «Papa, shika tena.» Akashika, na msalaba ukawaka hadi juu.